Jela ya Rice Street: Jengo Lililochakaa Kabla ya Umri Wake

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu, akina mama na akina baba, ndugu zangu na vijana mliohudhuria jioni hii: nawashukuru kwa nafasi mliyonipa. Nimeombwa nizungumzie jengo moja tu, yaani jela kuu ya Kaunti ya Fulton iliyoko Rice Street, kaskazini-magharibi mwa jiji la Atlanta, na nitajitahidi nisitoke nje ya kuta zake. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kutunza majengo makubwa ambayo hayafungwi usiku wala sikukuu, kwa hiyo nitasema zaidi kama fundi kuliko kama mwanasheria, ingawa mahali pengine sheria itabidi iingie, kwa sababu bomba la jela likiachwa linavuja muda mrefu mwisho wake huwa ni mbele ya jaji.

Najua wengi wenu mnaishi Clarkston na sehemu nyingine za Kaunti ya DeKalb, na huenda mnajiuliza jela ya Fulton inawahusu nini. Inawahusu kwa sababu mtu hushtakiwa katika kaunti ambako inadaiwa alitenda kosa, wala si katika kaunti anakolala; kijana wetu akikamatwa kwa kosa kubwa katikati ya Atlanta, mahali anapopelekwa kwa kawaida ni Rice Street. Tena hapa Georgia kijana wa miaka 17 anayeshtakiwa kwa jinai huhesabiwa kuwa mtu mzima, jambo ambalo wazazi wengi waliotoka kwetu hulijua siku ambayo tayari wamechelewa. Vilevile niwakumbushe kwamba jela ya kaunti haikujengwa kwa ajili ya waliohukumiwa vifungo virefu, ambao hupelekwa katika magereza ya jimbo. Wengi wa walio ndani ni mahabusu wanaosubiri kesi, na mbele ya sheria hawana hatia mpaka ithibitike vinginevyo. Ninayoyasema kuhusu vyoo na vitasa yanawahusu hao.

Jambo la kwanza ninalotaka tulielewe sawasawa ni umri wa jengo lenyewe. Watu wanapozungumza juu ya jela iliyochakaa hudhani ni ngome ya mawe iliyojengwa enzi za mababu. Jela ya Rice Street ilifunguliwa mwaka 1989, na wengi waliomo ukumbini humu wameizidi umri. Kule Los Angeles jela kuu ya wanaume ilifunguliwa mwaka 1963, na mwaka 2021 wasimamizi wa kaunti ile waliamua kwamba ifungwe. Pale mtu anaweza kusema jengo limeishi maisha yake likachoka. Lakini shule, hospitali na hoteli zilizojengwa mwaka 1989 bado zinafanya kazi hapa Atlanta bila mtu kuzishangaa. Zege halizeeki kwa miaka 35 likitunzwa, na chuma kilichopakwa rangi kwa wakati hakili kutu mpaka kikabaki ganda. Mtu akituambia kwamba jela hii imeharibika kwa sababu ni ya zamani, tumwombe aseme ukweli wote.

Ukweli huo unaanza na idadi ya watu. Jengo lilichorwa kwa ajili ya watu 1,125, kila mmoja katika chumba chake. Mara tu lilipoanza kutumika idadi hiyo ilionekana haitoshi, vitanda vya pili vikaongezwa juu ya vile vya kwanza, na uwezo rasmi wa jengo ukawa takriban maradufu ya ule wa mchoro. Kitanda cha pili kilikuja bila bomba la pili. Mitambo ya maji ya moto, mabomba ya kupeleka uchafu, feni za kutoa hewa yenye unyevu, lifti za kupandisha chakula na dawa katika jengo la ghorofa saba, vyote vilipigiwa hesabu ya watu 1,125. Kisha kukaja miaka ambayo hata hesabu ile ya maradufu ilipitwa, na mamia ya watu wakawa wanalala sakafuni juu ya magodoro membamba, kama ilivyokuwa mwaka 2022 na mwaka 2023.

Naomba nikae kidogo hapo kwenye mabomba, maana ndipo uharibifu wa jela huanzia na ndipo wasio mafundi hawapatazami. Katika chumba cha mahabusu choo na karo huwa ni kitu kimoja cha chuma kisichoshika kutu, kimefungwa ukutani. Nyuma ya ukuta huo kuna njia nyembamba ambamo fundi hupita akiwa amejikunja, na humo ndimo lilimo bomba kubwa la wima linalopokea uchafu kutoka vyumba vya ghorofa ya juu mpaka ya chini. Mtu mmoja akisukuma blanketi au kipande cha shuka ndani ya choo, iwe kwa hasira, iwe kwa ugonjwa wa akili, au kwa kutaka tu askari aje, maji hayarudi kwake peke yake, bali humpandia aliye chini yake, asiyejua lolote. Maji hayo hutiririka mpaka kwenye mlango, na mlango wa jela una fremu ya bati lililokunjwa, iliyo tupu ndani. Fremu ya namna hiyo huliwa na kutu kuanzia chini, pale inapokutana na sakafu, na mtu asiyepiga magoti kuitazama anaweza kupita mbele yake mwaka mzima akiona rangi nzuri. Ikishaliwa chini, mlango unashuka kidogo sana, upana wa kucha, na ulimi wa kitasa hauingii tena mahali pake.

Sasa tumefika kwenye kitasa. Kitasa cha jela ni mashine ya umeme yenye mota, ulimi mzito wa chuma na kihisio kinachopeleka habari kwenye chumba cha udhibiti kwamba mlango umefungwa. Nyumbani kwako mlango wa mbele hufunguliwa mara chache kwa siku. Pale hufunguliwa na kufungwa mchana na usiku, kila siku ya mwaka, na watu ambao baadhi yao wanatumia muda wao wote kufikiri namna ya kuushinda. Karatasi ya chooni iliyoloweshwa na kushindiliwa ndani ya tundu la ulimi ikikauka huwa ngumu kama mbao. Ulimi unaingia nusu, taa ya chumba cha udhibiti inaonyesha kwamba kila kitu ni salama, na usiku ule mlango unafunguliwa kwa kusukumwa na bega. Mtengenezaji wa vitasa vile akiacha kutoa vipuri, kama inavyotokea kwa mashine yoyote ya miaka ya 1980, fundi hana budi kung'oa kipuri kwenye mlango mmoja ili aokoe mwingine. Habari ya vitasa vibovu katika jela ya Fulton si ya jana. Ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyomtia hasira jaji wa shirikisho aliyekuwa akiisimamia jela hiyo miaka zaidi ya kumi iliyopita, mpaka akawabana makamishna wa kaunti watoe fedha za kuvibadilisha.

Ukuta nao una habari yake. Kuta za ndani ni za matofali ya zege yaliyo matupu katikati, na ukuta wa tofali tupu hauna nguvu kama hakumwagwa zege ndani ya matundu yake. Unyevu ukiingia miaka mingi, chokaa ya kuunganishia hulegea na kumeguka kwa kidole, na mtu mwenye siku nzima bila kazi anaweza kuchimba taratibu mpaka akafikia chuma kilichomo. Mwaka 2023 Sherifu Patrick Labat, yaani mkuu wa ulinzi wa kaunti anayeiendesha jela hiyo, aliwaonyesha wananchi visu vilivyokamatwa ndani ya jela, na alieleza wazi kwamba kuta zenyewe zinazobomoka ndizo zinazochongwa kuwa silaha. Vipande vya fremu za madirisha, vya vifuniko vya taa, vya mabomba na vya vitanda vilinolewa sakafuni usiku kucha na kufungwa vitambaa upande wa mkono. Nimeona majengo mengi yanayovuja na yanayonuka, lakini jengo linalogeuka kuwa ghala la silaha kwa wale waliofungiwa humo ni jambo la aina nyingine kabisa, na linatosha kukanusha hoja ya wale wanaosema kwamba uchakavu wa jela ni usumbufu tu ambao mahabusu anastahili kuuvumilia. Kwa hesabu ya jela yenyewe, matukio ya watu kuchomwa visu katika mwaka 2023 yalizidi 300.

Mtu atauliza, basi kwa nini hawatengenezi? Jibu la fundi ni rahisi kulisema na gumu kulitekeleza. Hoteli ina msimu wa wageni wachache, na meneja anaweza kufunga ghorofa moja kwa wiki tatu, akatoa makarai, akabadilisha mabomba, akapaka rangi na kufungua tena. Jela haina msimu. Ili ubadilishe bomba la wima unahitaji kuhamisha watu wa vyumba vyote linavyovihudumia, na ili uwahamishe unahitaji mahali pa kuwaweka, na mahali hapo hapapo kwa sababu ghorofa nyingine nazo watu wake wanalala chini. Fundi bomba hawezi kuingia peke yake na mkoba wa spana. Anasindikizwa na askari, vifaa vyake vinahesabiwa wakati wa kuingia na wakati wa kutoka, na siku ambayo askari hawatoshi kazi inaahirishwa. Kwa hiyo msongamano hauishii kuongeza uchakavu, bali huuzuia pia ukarabati, na ukarabati usiofanyika huvifanya vyumba vingine visitumike, jambo ambalo huongeza msongamano katika vile vilivyobaki. Kaunti imejaribu kuhama mrengo kwa mrengo, ikitoa watu, ikitengeneza na kuwarudisha, nayo ni njia sahihi kwa maoni yangu, ila mrengo uliotengenezwa ukirudishiwa watu wengi na askari wachache huharibiwa tena kabla rangi haijapoteza harufu.

Hapo ndipo niwe mwangalifu nisije nikawadanganya kwa upenzi wa fani yangu. Si kila baya lililotokea Rice Street limetokana na jengo. Mnamo Septemba 2022 mtu mmoja wa miaka 35, aliyekuwa mgonjwa wa akili, alikutwa amefariki katika chumba cha mrengo wa wagonjwa wa akili, mwili wake na chumba chake vikiwa vimejaa wadudu, na uchunguzi ulioagizwa na familia yake ulisema kwamba alikufa kwa kutelekezwa vibaya. Kaunti ilikubali mwaka uliofuata kuilipa familia dola milioni 4. Kunguni na chawa hustawi kwenye nyufa, kwenye unyevu na kwenye magodoro yasiyobadilishwa, hilo ni kweli, lakini ukuta haumsahau mtu. Watu ndio waliopita mbele ya mlango ule. Mwaka huo wa 2022 watu 15 walifariki wakiwa mikononi mwa jela ya Fulton, na mwaka 2023 wakafariki 10, wengine kwa ugonjwa, wengine kwa kujiua, wengine kwa kuuawa na wenzao.

Vifo hivyo ndivyo vilivyoifanya Wizara ya Sheria ya Marekani ifungue uchunguzi Julai 2023, kwa kutumia sheria ya mwaka 1980 inayoiruhusu serikali ya shirikisho kuzichunguza taasisi zinazowafungia watu. Ripoti ilitoka Novemba 2024. Ilieleza vurugu, chakula kisichotosha, matibabu hafifu na watu kufungiwa peke yao mpaka akili zikawaruka, na pamoja na hayo ikaeleza jengo: maji yaliyotuama, vyoo na makaro yasiyofanya kazi, nyaya za umeme zilizo wazi, wadudu na panya, na milango isiyofungika ambayo iliwaachia watu watoke usiku kwenda kuwashambulia wengine. Wachunguzi hawakuiweka habari ya jengo katika kiambatisho. Waliiweka miongoni mwa mambo yanayovunja Katiba, na kwa mahabusu ambaye hajahukumiwa ulinzi huo unatoka katika Marekebisho ya Kumi na Nne. Januari 2025 kaunti na sherifu waliingia makubaliano na Wizara, yakasimamiwa na mahakama, na msimamizi huru akawekwa wa kufuatilia utekelezaji.

Ndugu zangu, makubaliano ya namna hiyo si mageni katika jela hii. Mwaka 2004 mawakili wa haki za binadamu waliishtaki kaunti kwa hali ile ile, yaani msongamano, vyoo vilivyoziba, joto, nguo zisizofuliwa, askari wachache. Mwaka 2006 makubaliano yalithibitishwa na mahakama ya shirikisho, na kwa takriban miaka 9 jaji alikuwa akisoma taarifa za mabomba na vitasa kana kwamba ndiye msimamizi wa majengo. Fedha nyingi zilitumika, idadi ya watu ikashushwa, na mwaka 2015 usimamizi ule ukaondolewa. Miaka 8 tu baadaye wachunguzi walikuwa mlangoni tena. Mimi sioni hapa habari ya jengo bovu tu. Ninaona kaunti ambayo kwa miaka mingi imetengeneza jela yake pale tu ilipoamriwa, na msimamizi alipoondoka, fundi naye akapungua.

Kwa nini iwe hivyo? Sehemu kubwa ya jibu imo katika mgawanyo wa madaraka ambao wageni wengi katika nchi hii hatuufahamu. Katika Georgia, yenye kaunti 159, sherifu huchaguliwa na wananchi moja kwa moja na ndiye mlinzi wa waliofungwa. Hana bosi katika baraza la makamishna. Lakini jengo si lake. Sheria ya jimbo inaipa serikali ya kaunti wajibu wa kujenga na kukarabati mahakama na jela, na fedha zote hupitia kwa makamishna, ambao Fulton wako 7. Kwa hiyo anayeishi na choo kilichoziba siye anayelipa kizibuliwe, na anayelipa siye anayekinusa. Mlango ukivunjwa, sherifu husema jengo ni bovu na makamishna hawatoi fedha. Makamishna hujibu kwamba wametoa mamilioni, ila askari wa sherifu hawawasimamii watu, ndiyo maana kila kinachotengenezwa kinavunjwa. Mabishano hayo yamekuwa makali kiasi kwamba hata kamati ya Seneti ya jimbo iliyoundwa kuichunguza jela hiyo iliyagusa. Mimi nadhani kila upande una nusu ya ukweli, na kila upande umeitumia nusu hiyo kama pazia.

Niingize neno dogo pembeni. Agosti 24, 2023 Donald Trump alifika Rice Street kuchukuliwa alama za vidole na kupigwa picha, akatoka baada ya muda mfupi, na jina la jela hiyo likajulikana dunia nzima kwa siku moja. Waandishi wa habari walijaa nje ya uzio mpaka barabara ikawa haipitiki. Mwezi ule ule watu walikuwa wakifa ndani, na sikuona kamera nyingi zilizobaki baada ya msafara kuondoka.

Sasa tuje kwenye mjadala wa jengo jipya, ambao ndio ulionifanya niitwe hapa. Kwa miaka kadhaa palikuwa na pendekezo la kujenga jela mpya kabisa, kwa gharama iliyokadiriwa kukaribia dola bilioni 2. Julai 2024 makamishna waliligawanyikia, wakapiga kura 4 kwa 3 kutolifuata pendekezo hilo na badala yake kuelekea kwenye ukarabati wa takriban dola milioni 300. Kuna watu wema pande zote mbili. Wanaotaka jengo jipya husema kwamba Rice Street ilichorwa vibaya tangu mwanzo, kwamba askari mmoja hawezi kuona vyumba vyote akiwa amesimama mahali pamoja, na kwamba kuweka viraka ni kutupa fedha. Hoja ya kuona ni ya kweli na wala si ndogo; jengo linalomficha mtu na macho ya askari linahitaji askari wengi zaidi kila zamu, miaka yote. Wanaopinga husema kwamba ukijenga vitanda vingi utavijaza, na historia ya vitanda vya pili vya Rice Street inawaunga mkono.

Maoni yangu ni kwamba mjadala huu umeanzia katikati. Kabla ya kuuliza jengo gani, tuulize watu wangapi, na kwa nini wako ndani. Sheria ya Georgia inasema mtu aliyefungwa bila kupewa dhamana, kesi yake isipofikishwa mbele ya baraza la raia wanaoamua kama ana la kujibu ndani ya siku 90, ana haki ya kupangiwa dhamana. Siku 90 ni robo ya mwaka, na mtu mmoja anayekaa siku 90 anatumia choo, kitasa, godoro na maji ya moto sawa na watu tisa wanaokaa siku 10 kila mmoja. Kila mahakama inayochelewesha kesi, kila dhamana ya dola mia chache ambayo familia inashindwa kulipa, kila mgonjwa wa akili anayesubiri kitanda cha hospitali ya jimbo akiwa jela, huongeza mzigo kwenye lile bomba la wima nililolieleza. Idadi ya waliomo Rice Street imepungua tangu ule msimu mbaya wa 2023, na hilo ni jambo jema, kwa sababu ndilo lililowezesha baadhi ya mirengo kufungwa na kutengenezwa. Lakini tusidanganyike kwamba kupungua huko kumemaliza tatizo, maana visa vya kuchomana visu havikuisha watu walipopungua. Mlango mbovu hauhitaji watu 3,000 ili umruhusu mmoja atoke.

Swali linalofuata, ambalo sijasikia likiulizwa kwa sauti ya kutosha, ni la matengenezo ya kila mwaka. Mtu yeyote anayetunza majengo anajua kwamba jengo linahitaji kutengewa fungu lake kila mwaka tangu siku linapofunguliwa, hata kama hakuna kilichovunjika, ili pampu ibadilishwe kabla haijafa na fremu ikwanguliwe na kupakwa rangi kabla kutu haijafika ndani. Fungu hilo ndilo la kwanza kukatwa bajeti inapobana, kwa kuwa mwaka wa kwanza hakuna anayeona tofauti. Jela mpya ya dola bilioni 2 isiyo na fungu hilo itakuwa Rice Street nyingine kabla watoto wetu wadogo hawajamaliza chuo. Bajeti ya Fulton hufuata mwaka wa kalenda na hupitishwa Januari, baada ya vikao ambavyo mwananchi anaruhusiwa kusimama na kusema. Walio wakazi wa Fulton miongoni mwetu wanaweza kwenda pale na kuuliza kwa adabu kabisa: mwaka huu mmetenga kiasi gani kwa matengenezo ya kawaida ya jela, tofauti na fedha za dharura, mafundi wangapi wameajiriwa na nafasi ngapi ziko wazi, na vitasa vingapi leo hii havifungi?

Ndugu zetu waliotoka Congo waliniambia kabla hatujaingia humu kwamba habari hizi zinawakumbusha Makala, gereza la Kinshasa lililojengwa mwaka 1957 kwa ajili ya watu 1,500 na ambalo kwa miaka mingi limefungia mara kadhaa ya idadi hiyo. Sitaki kusawazisha visivyolingana. Aliyeingia Makala anajua alichokiona. Ila chanzo hakikutofautiana sana na kile nilichokieleza, na fedha za nchi hii hazikuweza kukizuia.

Limebaki jambo moja ambalo lina tarehe. Mwaka 2022, msongamano ulipozidi, Jiji la Atlanta lilikubali kuikodishia kaunti sehemu ya jela yake ya katikati ya mji ili iweke humo mpaka watu 700, kwa mkataba wa miaka 4 na malipo ya dola 50 kwa mtu mmoja kwa siku. Jiji lilisisitiza tangu mwanzo kwamba mpango huo ni wa muda. Vitanda hivyo ndivyo vilivyoipa Rice Street nafasi ndogo ya kupumua, na mrengo wowote unaofungwa ili ukarabatiwe unategemea kwamba kuna pa kupeleka watu. Kwa hiyo mkiisikia kaunti ikitangaza ratiba ya ukarabati, iulizeni kama ratiba hiyo imepigwa pamoja na vitanda 700 vya jiji au bila hivyo, kwa kuwa majibu hayo mawili yanazaa ratiba mbili tofauti kabisa.

Najua humu ndani wamo wanaofanya kazi za uaskari wa jela katika kaunti zetu mbalimbali, na wengine ni wakalimani wanaoitwa mahakamani na jela. Wao wameona milango hiyo kwa karibu kuliko mimi. Mwenyekiti akiniruhusu, naomba muda wa maswali tuanze na wao, kisha nitajibu nitakayoyaweza.